Kumsomesha Mtoto Mdogo Nyumbani kwa Viumbe, Mimea na Vitabu Vizuri: Mwongozo Kamili kwa Aliyejaribu Akakwama

Wazazi wanaoniuliza kuhusu jambo hili karibu wote wamekwama mahali pamoja. Wiki ya kwanza ilikuwa tamu: watoto nje, madaftari mapya, vitabu kumi na viwili vimepangwa mezani. Wiki ya pili mtoto akaanza kulalamika jua na mbu. Wiki ya tatu mama amechoka kueleza, baba anauliza, "Sasa huyu anajifunza nini hasa?", na daftari lina kurasa nne tu, mbili zikiwa zimechorwa na mama mwenyewe.

Nikiwadadisi, nakuta tatizo si uvivu. Wamesema mno. Matembezi yamegeuka mhadhara na hadithi imegeuka mtihani. Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini zimepangwa kukuzuia usiseme kabla ya wakati. Usiziruke, maana kila moja inaegemea iliyotangulia.

Mwongozo huu ni wa watoto wa miaka 4 hadi 8. Kabla ya lolote, jua sheria ya unapoishi. Nchi hazilingani: Ujerumani mtoto analazimika kwenda shule na masomo ya nyumbani hayaruhusiwi isipokuwa kwa nadra sana, ilhali Marekani majimbo yote 50 yanaruhusu, kila moja kwa masharti yake. Kama mwanao yuko shule, tumia hatua hizi jioni na siku za mapumziko. Zinafanya kazi vilevile, polepole zaidi.

## Vifaa

- Daftari lisilo na mistari kwa kila mtoto, lenye karatasi nzito kidogo. Mistari humwambia mtoto kwamba hapa ni pa kuandika, naye huacha kuchora.
- Penseli laini (2B inafaa), kichongeo, na penseli za rangi kama 12. Kalamu za wino wa rangi ziache. Zina kijani kimoja tu, na jani halina kijani kimoja.
- Lenzi ya kukuzia ya mkononi, ya mara 5 hadi 10.
- Chupa mbili za kioo zenye mdomo mpana, kitambaa chepesi na mpira wa kufungia.
- Rula, na kamba ya mita moja.
- Vitabu vitatu. Nimesema vitatu.
- Maji ya kunywa, kofia, sabuni.
- Daftari lako wewe mzazi. Nawe utachora, tena mbele yake, hata kama mkono wako hauwezi kuchora yai.

Darubini, mabango ya ukutani na kadi za picha havihitajiki. Simu pia ibaki mfukoni miezi miwili ya mwanzo, pamoja na zile programu zinazotaja jina la mmea ukiupiga picha. Si kwamba ni mbaya. Ila mtoto akishaambiwa jina hudhani kazi imekwisha, akaacha kutazama.

## Hatua ya 1: Chagua mahali pamoja

Tafuta mahali ambapo unaweza kufika kwa mguu ndani ya dakika kumi. Pawe na mti, udongo na kitu kinachotambaa. Ua wa nyuma ya nyumba unatosha. Hata ukuta wenye nyufa na majani yanayoota chini yake unatosha, ilimradi mtarudi hapohapo.

Wengi hukosea hapa: leo mtoni, kesho bustanini, keshokutwa mlimani. Mtoto anafurahi lakini haoni kitu, kwa sababu huwezi kuona kilichobadilika kama hukujua kilivyokuwa jana. Mahali papya humpa msisimko, ila macho yake yanakomazwa na pale alipopazoea.

Kisha chagueni mti mmoja uwe wake kwa mwaka mzima. Ampe jina akitaka.

Onyo: nenda peke yako kwanza. Angalia vioo vilivyovunjika, mzinga wa nyuki, msafara wa siafu, mashimo. Maji yaogope kuliko nyoka. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita chache, na katika maeneo yenye kichocho, kukanyaga tu kwenye bwawa au kijito kunatosha kumwambukiza. Kama kuna maji, mtatazama mkiwa nchi kavu, na wewe uko umbali wa kunyoosha mkono.

Utajua umefaulu mtoto atakapokwambia, bila kuulizwa, "Hiki jana hakikuwapo."

## Hatua ya 2: Nyamaza wiki nzima

Hii ndiyo hatua inayorukwa na kila mtu, na ndiyo inayobeba zote zilizobaki.

Kwa siku saba nendeni mahali penu, nusu saa hadi saa moja. Keti. Usifundishe, usionyeshe kidole, usiulize "hii ni rangi gani?" Akikuita, nenda ukatazame pamoja naye. Akiuliza swali, mjibu kwa kumrudishia: "Unaonaje wewe?" au "Hebu tukae tuone."

Nieleze kilichonifundisha. Mwanangu alikuwa na miaka sita, amechuchumaa mbele ya mstari wa sisimizi waliokuwa wanapanda ukuta. Akaniuliza, "Mama, mbona kila wakikutana wanasalimiana?" Jibu lilikuwa mdomoni kabisa: papasi (vile vipembe vya kichwani wanavyogusanishia), harufu, mawasiliano ya wadudu. Nikalimeza. Nikamwambia, "Kweli wanasalimiana? Wote?" Akaanza kuhesabu. Alifika kumi na saba kabla hajapotea hesabu.

Kisha, bila kuambiwa na mtu, akapitisha kidole chake ukutani kukatisha mstari. Sisimizi aliyekuwa mbele akafika pale kidole kilipopita, akasimama kama aliyegonga mlango. Akaenda kushoto, akarudi. Nyuma yake wakaanza kujaa. Mwanangu akatazama kidole chake, akatazama ukuta, akasema polepole, "Nimefuta barabara yao. Lakini mimi siioni hiyo barabara."

Ningemjibu lile swali la kwanza, hili la pili lisingezaliwa. Neno "harufu" lilimfikia wiki tatu baadaye ndani ya kitabu, nalo likapata mahali pa kukaa.

Wiki hii utaona aibu kidogo, hasa jirani akipita akakukuta umeketi tu. Vumilia. Siku ya tatu au ya nne mtoto atasema amechoka, hakuna cha kufanya. Hapo ndipo kazi inapoanza, kwa hiyo usimwokoe na uchovu huo. Kaa. Baada ya dakika kumi atakuwa amepindua jiwe.

## Hatua ya 3: Fundisha sheria za mikono

Kwa kuwa amekwisha kupindua jiwe, sasa unasema. Sheria ziwe chache na zisiwe na majadiliano.

Jiwe linainuliwa kwa kushika ukingo wa mbali na kulivuta kuelekea kwako, ili jiwe lenyewe likukinge na kilicho chini yake. Linarudishwa lilivyokuwa, taratibu, kwa sababu pale chini ni nyumba ya mtu.

Mkono hauingii shimoni. Kamwe.

Kiwavi mwenye manyoya haguswi. Manyoya yake huwasha na kuunguza ngozi. Tandu haguswi, anauma. Jongoo ni mpole lakini hutoa majimaji yanayochoma macho, basi atazamwe ardhini. Tandu na jongoo kuwatofautisha ni rahisi na watoto hupenda kazi hiyo: tandu ana jozi moja ya miguu kwa kila pingili ya mwili na anakimbia, jongoo ana jozi mbili katika pingili nyingi na hana haraka.

Utomvu mweupe wa mmea wowote usifike machoni wala mdomoni. Uyoga, tunda au jani lisilojulikana haliliwi. Jua halitazamwi moja kwa moja, hata kwa kitambo kidogo. Na mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kitu chochote kingine mkirudi.

Mfanye mtoto azirudie sheria hizi kwa kumfundisha mdogo wake au babu yake. Akiweza kumwonya mtu mzima, amezishika.

## Hatua ya 4: Mchezo wa macho

Wiki ya pili, mchezo mmoja, dakika tano. Chagueni kitu: jani, ganda la konokono, kipande cha gome. Akitazame kwa dakika moja bila kusema. Kisha ageuke au afumbe macho, akueleze alichoona. Halafu afumbue, mkitazame tena pamoja.

Usimwambie alichokosa. Yeye mwenyewe atapiga kelele: "Ah! Lina vijitundu!" Mara ya kwanza atasema mambo mawili matatu. Baada ya wiki mbili atasema saba au nane, na ataanza kulinganisha, "mishipa yake imejipanga kama unyoya". Mlinganisho kama huo ukitokea, uandike kwenye daftari lako neno kwa neno.

Zamu nayo ni muhimu. Na wewe fumba macho, yeye akuhukumu. Watoto hupenda sana kumkamata mzazi amekosea, na wewe utagundua kwamba hukuwa unaona vizuri kama ulivyodhani.

## Hatua ya 5: Daftari la viumbe

Sasa, si kabla, toa daftari. Mara moja au mbili kwa wiki, kitu kimoja kwa ukurasa, dakika kumi na tano zisizidi.

Achore kitu kilicho mbele yake. Asinakili picha ya kitabuni, wala asichore kwa kukumbuka. Kitu kiwe kimelala juu ya karatasi nyeupe, pembeni mwa daftari. Chini yake andika tarehe, mahali, na sentensi moja aliyoisema yeye. Kama hajui kuandika, uandike wewe maneno yake kama yalivyotoka kinywani. Akisema "konokono anatembea kwa ulimi", andika hivyohivyo. Usisahihishe. Miezi sita ijayo atausoma ukurasa huo, acheke, ajisahihishe mwenyewe.

Sababu ya kuchora si sanaa. Mkono humlazimisha mtoto kutazama mara ya pili na ya tatu: je, miguu inaanzia kifuani au tumboni? Huwezi kuichora bila kujua. Hivyo ndivyo mtoto anavyogundua mwenyewe kwamba mdudu ana miguu sita na yote inatoka kifuani, na kwamba buibui ana minane, kwa hiyo hayumo katika kundi hilo.

Onyo kubwa: mkono wako usiguse mchoro wake. Wala usiseme "mzuri sana!" kwa kila mstari. Msifu kwa kuuliza: "Hapa umeweka doa jeusi. Nionyeshe liko wapi?" Atakuonyesha, au atakuta halipo. Vyote ni ushindi.

Kuna watoto wanaolia kwa sababu mchoro haufanani na kitu. Kwa hao anza na kupitisha penseli kuzunguka jani, au kuweka jani chini ya karatasi na kusugua kwa upande wa penseli hadi mishipa itokee. Mwezi mmoja wa hivyo, hofu itapungua.

## Hatua ya 6: Vitabu vitatu

Kitabu kizuri kwa kazi hii kimeandikwa na mtu mmoja anayeipenda habari anayoisimulia. Kitabu kibaya ni kile chenye vijisanduku vya "Je, wajua?" kila ukurasa: mambo mia moja, hakuna hata moja linalosimama.

Kipimo changu ni hiki. Fungua katikati, soma ukurasa mmoja kwa sauti, peke yako. Ulimi ukiteleza vizuri na ukajikuta unataka kufunua ukurasa unaofuata, kichukue. Ukijisikia unamsemesha mtoto kama mjinga, kirudishe. Jambo linalomchosha mtu mzima mwenye akili zake humchosha mtoto pia, isipokuwa mtoto hana maneno ya kulisema; yeye hujinyonganyonga tu kwenye kiti.

Vitatu viwe hivi: kimoja cha ngano na hekaya, kimoja cha hadithi ndefu ya sura nyingi, na kimoja kinachosimulia maisha ya mnyama, mmea au anga. Vikiisha, badilisha. Vingine vikae kabatini.

Suala la lugha ndilo linalowatesa wasomaji wetu, kwa sababu vitabu vya viumbe kwa watoto kwa Kiswahili si vingi. Wazazi wengi hushika cha Kiingereza na kukitafsiri papo hapo wanaposoma. Matokeo yake ni kigugumizi: sentensi inaanza, inasimama, inarudi nyuma, na mtoto amekwisha kupotea. Fanya hivi badala yake. Usiku soma sura hiyo kimya, ifunge, na kesho yake isimulie kwa Kiswahili chako, kama unavyomsimulia mtu habari ya safari. Hutakumbuka kila kitu, na hilo ni heri, maana utakachokumbuka ndicho kilichokuwa na uhai. Na kama kuna bibi anayejua hadithi za mdomo, huyo hesabu kama kitabu kamili.

## Hatua ya 7: Soma mara moja, funga, asimulie

Soma kifungu kifupi kwa sauti, dakika tano hadi kumi. Mwanzoni aya mbili tatu tu. Kisome mara moja. Funga kitabu. Sema, "Haya, nisimulie." Kisha nyamaza.

Mara moja, kwa sababu mtoto akijua kitarudiwa, hasikilizi. Bila maswali, kwa sababu swali la "nani alifanya nini?" linampa mtoto mpangilio wako, naye anajaza nafasi tu. Anaposimulia mwenyewe inambidi aamue: kipi kilitangulia, kipi kilisababisha kipi, kipi kiachwe. Hiyo ndiyo kazi yote ya kuandika insha, isipokuwa bila kalamu.

Usimkatize. Akichanganya tumbili na sungura, acha amalize. Akiisha, unaweza kuongeza jambo moja, au kumwambia nduguye, "Wewe unakumbuka nini zaidi?"

Usimuulize funzo la hadithi. Nakuomba sana. Ukisoma hadithi ya fisi mlafi halafu ukauliza "tunajifunza nini?", mtoto atajibu "tusiwe walafi", na hadithi itafia hapohapo. Mwache aondoke na fisi wake.

Chini ya miaka sita usimdai kusimulia. Akisimulia kwa hiari, sikiliza. Wapo wanaoigiza badala ya kusema, wapo wanaochora, wapo wanaomsimulia mwanasesere. Vyote vinahesabika.

Unajuaje kama imefaulu? Usitafute usahihi wa mwanzo. Sikiliza maneno. Mtoto akitumia neno la kitabu ambalo hajawahi kulitumia, kama "akanyemelea" au "ikapukutika", na akaliweka mahali pake, limekuwa lake.

## Hatua ya 8: Kitu kwanza, kitabu baadaye

Sasa unganisha. Kanuni ni moja: mtoto akutane na kitu kabla ya kusoma habari zake. Kama mwezi ujao mnasoma kuhusu wadudu, wiki mbili kabla muwe mmewatazama. Kitabu kije kujibu swali lililokwisha kuulizwa. Miradi mitatu ifuatayo inatosha mwaka wa kwanza.

Mbegu kwenye kioo. Loweka maharage usiku mmoja. Weka karatasi laini au pamba yenye unyevu ndani ya chupa ya kioo, sukuma maharage kati ya pamba na kioo ili yaonekane. Unyevu tu, maji yasituame; mbegu nyingi za watoto hufa kwa kuoza, si kwa kiu. Weka tano, maana moja au mbili zitakataa. Baada ya siku mbili hadi nne mzizi hutokeza, na daima hutangulia kabla ya jani. Mzizi ukifika sentimita mbili tatu, laza chupa ubavu. Usiseme kitu. Baada ya siku moja au mbili mzizi utakuwa umepinda kuelekea chini tena. Mwachie mtoto muda wa kushangaa: umejuaje chini ni wapi, na hauna macho?

Kiwavi kwenye chupa. Mchukue kiwavi asiye na manyoya pamoja na tawi alilokutwa analila, na umletee majani ya mmea huohuo kila siku. Viwavi wengi hula mmea mmoja au jamii chache tu; ukimpa jani la mmea mwingine atakufa njaa juu ya chakula. Funika kwa kitambaa, safisha kinyesi kila asubuhi, na usimamishe kijiti ndani. Akiacha kula na kutulia siku nzima, usimtupe. Huenda anajivua ngozi, jambo linalotokea mara kadhaa kabla hajawa pupa, yaani ametulia ndani ya ganda akigeuka kipepeo. Vipepeo wengi hutoka wiki moja hadi mbili baada ya kuwa pupa, mabawa yakiwa yamekunjamana kama karatasi iliyofinyangwa. Hapo anahitaji kijiti cha kuning'inia ili mabawa yajae na kukauka. Asisaidiwe kutoka. Akishakauka, mwachieni aruke.

Lazima nikuandae kwa jambo moja. Mara yetu ya pili, hakutoka kipepeo. Walitoka vijinyigu vidogo, kundi zima, kutoka pupa moja. Mwanangu alilia. Mama yao alikuwa ametaga mayai ndani ya kiwavi tangu akiwa kwenye tawi, kabla hatujamchukua. Nilitaka kuficha ile chupa, nikajizuia. Ukurasa wa siku ile, wenye nukta kumi na moja nyeusi na sentensi "walikuwa ndani yake muda wote", ndio anaoufungua mara nyingi hadi leo.

Mwezi kwa siku thelathini. Chora duara 30 kwenye ukurasa mmoja. Kila siku atie kivuli kama alivyouona. Anza jioni mwezi mchanga unapoonekana magharibi baada ya jua kuzama. Wengi huacha mradi huu baada ya mwezi mpevu, wakidhani umepotea. Haukupotea: mwezi huchelewa kuchomoza kwa takribani dakika 50 kila siku, kwa hiyo baada ya wiki ya pili hauonekani jioni, unaonekana asubuhi. Hamisheni zamu ya kutazama iwe baada ya kuamka. Mzunguko mzima ni siku 29 na nusu, na mtoto ataufikia kwa kuhesabu mwenyewe. Kama mnaishi karibu na Ikweta, mtaona mwezi mchanga umelala kama mtumbwi, ilhali picha nyingi za vitabuni huuchora umesimama wima. Mwambie achore anachokiona. Mtoto akipinga picha ya kitabu kwa ushahidi wa macho yake, umepata mwanafunzi.

## Hatua ya 9: Ratiba, herufi na hesabu

Mtoto wa miaka sita hahitaji saa tano mezani. Masomo yawe mafupi, dakika kumi hadi kumi na tano kila moja, na yabadilishane: la kichwa, kisha la mikono, kisha la masikio. Jumla isizidi saa moja na nusu. Chini ya miaka sita, soma hadithi, toka nje, imetosha.

Mfano wa asubuhi: kusoma herufi au silabi dakika 10, hesabu dakika 15, kuandika mstari mmoja kwa mwandiko mzuri dakika 5, hadithi na kusimulia dakika 15, wimbo, kisha nje. Mchana ni wake.

Somo likiisha muda, likome, hata kama hamjamaliza. Mtoto akijua kwamba dakika kumi ni kumi kweli, huzitoa zote. Akijua zinaweza kuwa arobaini, huanza kujihifadhi tangu ya kwanza.

Ndiyo, herufi na hesabu hufundishwa waziwazi na kwa utaratibu, kila siku. Sikubaliani na wanaosema mtoto ataokota kusoma porini. Kiswahili kinatuonea huruma hapa kwa kuwa kinaandikwa karibu kama kinavyotamkwa, hivyo silabi zikishikwa njia imefunguka. Nje mnaimarisha tu: pimeni unene wa mti kwa kamba, hesabuni petali, pimeni kivuli cha kijiti kilekile asubuhi, adhuhuri na alasiri.

## Hatua ya 10: Weka kumbukumbu

Kila Ijumaa, dakika kumi, andika mistari mitatu: alichoona, alichosimulia, alichouliza. Rekodi sauti yake akisimulia mara moja kwa mwezi. Hiyo ndiyo nafasi pekee ninayoitolea simu. Ukifika mwezi wa nne ukadhani hakuna kinachoendelea, sikiliza ile ya kwanza. Kumbukumbu hizo pia ndizo utakazoonyesha kama mamlaka ya elimu ya kwenu inataka ushahidi, na ndizo jibu la yule baba.

## Mkikwama

Hataki kusimulia. Kifungu ni kirefu mno au kitabu ni kibaya. Punguza hadi aya moja. Ikishindikana, simulia wewe na ukosee makusudi. Hatavumilia.

Mvua siku tatu. Dirisha ni mahali pia. Matone yanayoshuka kiooni yanafuata njia zilezile au mpya? Baada ya mvua tokeni mara moja, ndipo konokono na minyoo hujitokeza.

Mdogo anavuruga. Mpe lenzi yake na chupa yake tupu. Mpe kazi ya kubeba. Soma hadithi ya mkubwa wakati mdogo amelala.

Mtoto anaua wadudu. Usipige kelele. Mkabidhi kiumbe kimoja akitunze kwa siku mbili na kukiachia pale alipokitoa. Mara nyingi ukatili wa mtoto wa miaka minne ni udadisi usio na lenzi.

Umechoka wewe. Rudi hatua ya 2 kwa wiki nzima. Acha vitabu, acha daftari, nenda ukakae chini ya mti wenu. Mtoto atapata la kufanya.